Mkato na Mdomo wa Mto: Kishazi cha Kiingereza katika Historia ya Ozi

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikamilisha barua walizoandikiana kuigawa Afrika Mashariki. Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za bahari, ulioanzia mto Miningani kusini na kuishia Kipini. Sultani wa Witu alitambuliwa kuwa mwenye pwani inayoanzia kaskazini ya Kipini mpaka ncha ya mwisho ya ghuba ya Manda. Eneo lililogawanywa baina ya mataifa hayo mawili liliwekewa mpaka wa kaskazini, nao ulianzia kwenye mdomo wa mto Tana. Hakuna mtu wa vijiji vya karibu na hapo, wa Ozi, wala wa Kau, wala wa Kipini, aliyeulizwa neno. Lau angeulizwa mkulima yeyote wa pale, angetaka kwanza kujua unasemwa mdomo upi. Siku zile Tana ulikuwa na njia yake ya kuingilia baharini upande wa kusini-magharibi, na mto Ozi ulikuwa na mdomo wake Kipini. Katikati yao palikuwa na mfereji wa Belezoni, uliochimbwa na watu wa Witu ili mitumbwi ipite kutoka mto mmoja hadi mwingine. Maji yaliupenda mfereji ule. Katika miaka ya 1890 mkondo mkubwa wa Tana uliufuata na kuhamia Ozi, na leo anayetaja mdomo wa Tana anautaja mdomo wa Kipini.

Mapatano yale yaliutaja mto lakini hayakuubainisha mdomo. Kilichokosekana ni kishazi kifupi cha kumwambia msomaji ni upi kati ya midomo miwili. Jambo hilo linatufikisha kwenye kanuni ya sarufi ya Kiingereza ambayo wanafunzi wengi wa Pwani huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaisahau: lini kishazi rejeshi kitengwe kwa mikato, na lini kisitengwe. Hoja ya makala haya ni kwamba kanuni hiyo si adabu ya uandishi peke yake. Kwa watu wa delta ya Tana, ambao mipaka, ushuru na ardhi yao vimeamuliwa kwa nyaraka za Kiingereza tangu mwaka 1886, kujua kama kishazi kinachagua au kinaongeza tu ni sehemu ya kujua haki yako inaanzia wapi na inaishia wapi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza. Chukua sentensi hii: “The farmers who live at Ozi lost their rice.” Haina mkato, na kishazi “who live at Ozi” kinachagua. Wakulima wako wengi, na waliopoteza mpunga ni wale tu wa Ozi. Ukikiondoa kishazi, maana inaharibika. Sasa weka mikato miwili: “The farmers, who live at Ozi, lost their rice.” Hapa wakulima wanaosemwa wameshajulikana, wote wamepoteza mpunga, na habari ya kuwa wanaishi Ozi ni nyongeza unayoweza kuiacha bila kubadili idadi ya waliopata hasara. Cha kwanza ni kishazi cha lazima, cha pili ni kishazi cha ziada. Maneno ni yale yale kwa mpangilio ule ule. Tofauti yote, pamoja na hesabu ya nani alipwe fidia endapo ingekuwepo, imebebwa na alama mbili ndogo.

Alama hiyo haikuzaliwa na kazi hiyo. Mkato wenye umbo tunalolijua leo ulienea kutoka kwenye matbaa ya Aldus Manutius mjini Venice mwishoni mwa karne ya 15, na kwa muda mrefu waandishi wa Kiingereza waliutumia kama pumzi: msomaji anayesoma kwa sauti atulie hapa, kisha aendelee. Kadiri watu walivyozidi kusoma kimyakimya, pumzi ikageuka kuwa maana. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, alitoa sarufi yake mwaka 1795, na kitabu hicho kikafundishwa shuleni pande zote za Atlantiki kwa miongo mingi. Humo alieleza kwamba kiwakilishi rejeshi kwa kawaida hutanguliwa na mkato, ila pale kishazi kinapobana maana ya jumla ya nomino na kuifanya mahususi. Hapo mkato uachwe. Kwa hiyo makarani na mawakili walioandika mikataba na sheria za Afrika Mashariki miaka ya 1880 na kuendelea walikuwa wamelelewa katika shule zilizokuwa na kanuni hiyo. Waliyoyaandika yanastahili kusomwa kwa macho hayo hayo.

Rudi sasa kwenye mdomo wa mto. Mjerumani alikuwa amefika Witu kabla ya barua za 1886. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi kwa Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, Aprili 1885, na mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza ulinzi juu ya nchi yake. Baada ya barua zile, pande mbili zikaanza kuvutana kuhusu upana wa maneno. Witu ilitoza ushuru kwenye mfereji wa Belezoni, na kampuni ya Waingereza ikapinga, kwa kuwa aliyeshika mfereji alishika biashara ya mto wote. Kuhusu kisiwa cha Lamu, Wajerumani walidai kwamba mapatano ya 1886 yaliwafungia Waingereza njia ya kaskazini ya Tana. Shauri hilo la Lamu lilipelekwa kwa mwamuzi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, naye akatoa uamuzi wake Agosti 1889. Aliona kwamba mapatano yale yalihusu nchi iliyo kati ya mito ya Rovuma na Tana, na kwamba ng’ambo ya mstari huo hayakumfunga yeyote. Kwa lugha ya sarufi, alisema kwamba mipaka ile ilikuwa kishazi cha lazima: iliichagua nchi inayosemwa, na kilichobaki nje hakikusemwa kabisa. Sultani wa Zanzibar akabaki huru kumkodisha ushuru wa Lamu amtakaye, na mwezi huo huo akaipa kampuni ya Waingereza.

Mtu anaweza kupinga mapema hapa: kwa nini watu wa Ozi wajisumbue na mikato ya wageni, hali Waswahili waliandika kwa karne nyingi bila mkato hata mmoja? Pingamizi hili lina uzito. Miswada ya pwani ya kaskazini iliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Tenzi ziligawanywa kwa vipande na vina, na msikilizaji alijua mwisho wa fungu kwa sikio. Nathari nayo, kama ile ya Habari za Pate zinazosimulia ukoo wa Wanabahani ambao ndio uliozaa watawala wa Witu, ilipangwa kwa maneno kama kisha, basi na baadaye, ambayo yalifanya kazi ya alama. Lugha yenyewe ina zana zake. Mswahili akisema “wakulima wale wanaokaa Ozi” amekwisha kuchagua, na akisema “wakulima, nao wakaa Ozi” ameongeza. Viambishi vya o-rejeshi, neno wale na kiunganishi nao hubeba mzigo ambao Kiingereza kimeutwika mkato. Hakuna upungufu katika hilo.

Lakini pingamizi hilo linathibitisha kwamba Kiswahili kinajitosheleza. Halithibitishi kwamba Waswahili wanaweza kuzisoma nyaraka za Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili. Husemwa kwamba mswada wa asili wa Habari za Pate ulipotea Witu, Waingereza walipoushambulia mji huo mwaka 1890. Nakala zilizobaki zilichapishwa na wageni, C. H. Stigand mwaka 1913 na Alice Werner mwaka uliofuata, na kila aliyezitafsiri kwa Kiingereza alilazimika kuamua mwenyewe aweke mkato wapi. Hati isiyo na mikato haikuingia Kiingereza bila mikato. Kila alama ilikuwa uamuzi wa mfasiri kuhusu nani alitenda nini, na mji upi ulikuwa wa nani. Kumwachia mwingine uamuzi huo bila kuweza kuukagua ni hasara, iwe katika tarehe za wafalme au katika hati ya shamba.

Hasara hiyo inaonekana vizuri zaidi kwenye sheria za ardhi. Kwa mkataba wa 1 Julai 1890 Ujerumani iliiacha Witu mikononi mwa Uingereza. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilimpa Kamishna uwezo wa kuuza na kukodisha ardhi, ikamwekea sharti: asiuze wala kukodisha ardhi ambayo wenyeji wanaikalia hasa. Ukisoma haraka, sharti hilo linaonekana kinga. Ukilisoma kwa kanuni ya Murray, unaona kwamba maneno ya kukaliwa hasa ni ya lazima. Hayasemi kwamba ardhi ya wenyeji, ambayo wao huikalia, isiuzwe. Yanasema isiuzwe ile tu inayokaliwa, na ardhi ikiachwa na wenyeji hurudi kuwa ya kugawiwa. Sasa fikiri juu ya kilimo cha Tana. Mpokomo alilima kwa kufuata mafuriko, mara mbili kwa mwaka mto ulipokubali. Shamba lake lilianzia ukingoni na kuelekea bara, na sehemu kubwa yake ililala misimu kadhaa ikingoja maji au ikipumzika. Ozi kwenyewe mpunga ulitegemea maji matamu yanayosukumwa na kupwa na kujaa kwa bahari. Mworma alileta ng’ombe mtoni wakati wa kiangazi kwa kupitia malka, njia za kunywesha mifugo, kisha akaondoka mvua ziliponyesha. Katika mwezi wowote ule, sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa na wenyewe haikuwa na mtu juu yake. Kishazi cha ziada kingeilinda yote. Kishazi cha lazima kiliikata nchi vipande, kikalinda mahali palipo na moshi wa jiko na kuacha mengine wazi.

Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyotungwa kwa ajili ya Pwani, ilijengwa kwa mtindo huo huo. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai kabla ya muda uliowekwa ilihesabiwa kuwa ya Taji. Kishazi “ambayo hakuna aliyeidai” ndicho sheria nzima. Mtu asiyejua kwamba anapaswa kudai, au aliyedhani ardhi ya ukoo haihitaji madai, aliingia ndani ya kishazi hicho bila kujua. Mwaka 1915 sheria nyingine ikaondoa hata ile kinga nyembamba ya awali, ikaijumuisha ardhi inayokaliwa na makabila ndani ya tafsiri ya ardhi ya Taji. Na mwaka 1920 nchi ilipogeuzwa kuwa Koloni la Kenya, kilichotwaliwa kilikuwa zile sehemu tu zisizokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Ukanda wa Sultani ulibaki eneo la ulinzi. Kwa kuwa ukanda huo ulikoma Kipini, kishazi hicho kiliwaweka majirani wa mdomo mmoja wa mto chini ya majina mawili ya kisheria. Jambo hilo halikufutwa mpaka barua za 8 Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar, zilizomaliza mamlaka ya Sultani siku ya uhuru wa Kenya.

Wapo wanasheria watakaosema kwamba hoja hii inatukuza alama ambayo mahakama zenyewe zilikataa kuitambua. Ni kweli kwamba majaji wa Uingereza kwa muda mrefu walishikilia kuwa alama za uandishi si sehemu ya sheria, kwa kuwa hati za zamani za Bunge hazikuwa nazo kwa utaratibu. Lakini tazama walivyotenda. Roger Casement, aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Uingereza Lourenço Marques, sasa Maputo, alishtakiwa London mwaka 1916 kwa uhaini alioutenda Ujerumani. Sheria iliyotumika ni ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani, na utetezi ulisema inawahusu tu waliomsaidia adui wakiwa ndani ya ufalme. Swali likawa kama maneno ya “au kwingineko” yanarudi kwenye kitendo chote au kwenye sehemu yake ya mwisho. Majaji walikwenda kuitazama hati ya asili na alama zake. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916, na tangu hapo watu husema alinyongwa kwa mkato. Mwaka 1980, katika kesi ya Hanlon, Lord Lowry wa Baraza la Malordi alisema wazi kwamba kupuuza alama ni kupuuza ukweli kuwa waandishi wa sheria ni watu waliosoma na huziweka kwa kusudi. Kenya ilirithi sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na mawakili wake wamelelewa katika mapokeo hayo ya kubishania upana wa kila kishazi.

Pingamizi zito zaidi ni la mwanahistoria. Atasema kwamba Witu haikuanguka kwa sababu ya sarufi. Septemba 1890 Wajerumani kadhaa waliokuwa na bunduki waliuawa Witu, na Oktoba Admirali Fremantle wa Uingereza alipoupiga mji huo wa Sultani Fumo Bakari hakuuliza mkato uko wapi. Nguvu iliamua, maandishi yakafuata. Sehemu ya kwanza ya hoja hii haipingiki. Hakuna mkulima wa Ozi ambaye angeizuia meli ya kivita kwa kujua kishazi rejeshi. Lakini meli ziliondoka baada ya siku chache, na sheria ya 1902 ikakaa. Bunduki iliteka mji mmoja. Kishazi kiliendelea kuteka mashamba kwa miongo, bila kelele, kwa mkono wa karani ambaye huenda hakuwa na nia mbaya. Tena nguvu ilipobadilika mikono mwaka 1963, watawala wapya hawakurithi mizinga ya Fremantle. Walirithi nyaraka, na lugha ya nyaraka.

Urithi huo ungali hai. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini kifungu cha 259 kinasema kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakigongana, la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Sasa soma kifungu cha 63, kinachoeleza ardhi ya jamii. Mojawapo ya aina zake, kwa mpangilio wa Kiingereza, ni ardhi za mababu na ardhi zilizokaliwa kwa desturi na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Hakuna mkato kati ya sehemu hizo mbili. Je, maneno ya mwisho yanazibana ardhi zote mbili, ili hata ardhi za mababu ziwe za wawindaji na wakusanyaji peke yao? Au yanaibana ya pili tu, na ardhi za mababu za jamii yoyote zimo? Kwa Wawata na Waboni usomaji wote unawafaa. Kwa Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji tofauti ni kubwa: usomaji mmoja unawaingiza, mwingine unawatoa na kuwalazimisha kutafuta mlango katika aya nyingine za kifungu hicho. Jamii hizo ziliona thamani ya mlango pale Mahakama Kuu, Februari 2013, iliposikia malalamiko yao kuhusu miradi mikubwa ya kilimo katika delta na kuamuru pawepo mpango wa matumizi ya ardhi unaowashirikisha wakazi.

Mfano huo wa mwisho unafunua pia mpaka wa hoja yangu, na ni haki kuutaja. Mkato mmoja ungepunguza utata wa kifungu cha 63, usingeumaliza. Mwandishi makini hautegemei mkato kubeba haki ya watu peke yake. Huigawa sentensi, huandika aina mbili kwa aya mbili, hurudia nomino badala ya kuiacha ining’inie. Wale walioandika “mdomo wa Tana” mwaka 1886 hawakukosea mkato. Walikosa kishazi kizima. Kujua kanuni ya mkato kunamfundisha msomaji kuuliza swali lenye faida kuliko kanuni yenyewe: maneno haya yanachagua, au yanaongeza? Aliyezoea kuuliza hivyo atauona utata hata pale alama haipo, na atadai uondolewe kabla ya kutia sahihi.

Kwa hiyo somo la vishazi lisifundishwe katika shule za Garsen, Kipini na Ozi kama hila ya kupatia alama moja ya mtihani, kwa sentensi kuhusu London na theluji. Lifundishwe kwa sheria ya 1902, kwa barua za 1886 na kwa kifungu cha 63, kwa sababu humo ndimo vishazi vilivyoigusa nchi hii. Na kila kamati ya ardhi inayoletewa hati ya Kiingereza isikubali kusomewa kwa ujumla wake. Isomwe kishazi kwa kishazi, kila kimoja kiulizwe kinambana nani, na jibu liandikwe kwa Kiswahili kabla ya mtu yeyote kuweka kidole gumba.